Ng'ombe wa Maziwa Baada ya Masika: Shibe ya Majani Mabichi Isitudanganye

Katika wilaya yetu ya Rusizi, ambayo hadi mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006 ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Cyangugu, watu wengi wa kazi hawaishi kwa mshahara peke yake. Mchuma chai wa Shagasha, mfanyakazi wa kiwanda cha saruji kule Bugarama, mwalimu wa Kamembe, mlinzi wa usiku: wengi wao wana ng'ombe mmoja au wawili bandani nyuma ya nyumba. Ng'ombe huyo huwapa watoto maziwa, hulipa karo ya shule na huleta mbolea ya shamba. Ndiyo maana habari ya banda ina nafasi katika gazeti la wafanyakazi.

Masika yetu, yaani itumba, huanza mwezi Machi na kumalizika Mei. Sehemu za juu zinazopakana na msitu wa Nyungwe hupata mvua nyingi kuliko bonde la Bugarama. Miaka mingine mvua huzidi kipimo: usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa na maporomoko ya udongo viliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Lakini hata masika ya kawaida, yasiyobomoa nyumba ya mtu, huacha deni ndani ya banda. Deni hilo huanza kudaiwa Juni hadi Agosti, wakati wa impeshyi. Asiyelilipa wakati huo atalilipa mwaka unaofuata, pale ndama aliyetazamiwa asipozaliwa.

Makala hii inaeleza deni hilo ni lipi na hulipwaje. Tutafuata utaratibu huu: kwanza chakula, pili afya, tatu uzazi. Utaratibu huu una sababu yake. Ng'ombe mwenye njaa hana nguvu ya kushindana na ugonjwa, na ng'ombe mgonjwa hashiki mimba. Mtu anayelipia mbegu ya kupandisha kabla ya kurekebisha chakula anatupa fedha zake.

1. KWA NINI NG'OMBE HUKONDA WAKATI MAJANI NI MENGI

Wengi hushangaa jambo hili. Aprili na Mei matete (urubingo) yamejaa kila mahali, ng'ombe anakula kutwa, tumbo limejaa kama ngoma. Lakini ikifika Juni mbavu zinaonekana na maziwa yamepungua. Sababu ni maji yaliyomo ndani ya majani.

Tufanye hesabu. Ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa anahitaji kwa siku kiasi cha kilo 12 za chakula tukikipima bila maji yake. Matete yaliyokomaa vizuri na kukatwa siku ya jua yanaweza kuwa na kilo 20 za chakula kikavu katika kila kilo 100. Hapo ng'ombe atahitaji kilo 60 za majani, yaani mizigo miwili ya kichwani ya kilo 30. Lakini matete machanga yaliyokatwa mvua ikinyesha huenda yana kilo 13 tu za chakula kikavu katika kilo 100, na zilizobaki zote ni maji. Sasa ng'ombe yule yule anahitaji kilo 92, yaani mizigo mitatu na zaidi. Tumbo lake halina nafasi ya kiasi hicho. Hushiba maji akaacha kula, na mwili wake unaendelea kudai. Maziwa unayokamua siku hizo yanatoka kwenye nyama na mafuta ya mwili wake.

Mvua ikikatika linakuja tatizo la pili, lililo kinyume cha la kwanza. Matete ambayo hatukuwahi kuyakata yamepita urefu wa mtu. Yana shina gumu na majani machache, na nguvu ya kujenga mwili imepungua sana. Ng'ombe anachagua majani na kuacha mashina, nasi tunahesabu mzigo mzima kana kwamba ameula. Basi masika humpa ng'ombe maji, na kiangazi humpa kuni.

Hatua za kuchukua ni hizi:

(a) Kata matete yakifika kiasi cha mita moja, usiyaache yazeeke. Wakati wa mvua hufika urefu huo baada ya wiki sita hadi nane. Gawa shamba katika vipande, kila wiki ukate kipande chake. Acha visiki vya urefu wa kama vidole vinne ili yachipue tena.

(b) Yaanike kabla ya kulisha. Majani ya leo yalishwe kesho. Yatandazwe juu ya fito chini ya paa, yasirundikwe, maana yakirundikwa yatapata moto na kuoza. Kisha yakatwe vipande vifupi, ili ng'ombe asichague majani na kutupa mashina.

(c) Changanya na chakula kikavu. Wenzetu wa Bugarama wana mabua ya mpunga baada ya kuvuna, na mengi huchomwa moto bure. Mabua peke yake ni chakula duni, lakini yakichanganywa na majani mabichi yenye maji mengi humsaidia ng'ombe kucheua vizuri. Pumba za mpunga nazo zina faida. Marando ya viazi vitamu na majani ya maharage yaliyokauka yasitupwe.

(d) Ongeza chakula cha kujenga mwili. Hapa wengi hudhani ni lazima kununua chakula cha dukani. Kuna miti inayoweza kufanya sehemu ya kazi hiyo, nao ni kaliandra, iliyopandwa kwenye kingo za matuta mengi nchini Rwanda. Uchunguzi uliofanywa kwa wafugaji wa Embu, Kenya, katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zinaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha ng'ombe cha dukani. Ilikadiriwa kwamba miti 500 inamtosha ng'ombe mmoja kwa mwaka. Miti 500 ni mingi kwa kusikia, lakini ikipandwa kwa kubanana kwenye kingo za matuta na kuzunguka boma haichukui shamba la chakula, na huzuia udongo usiteremke. Desimodiamu nayo hufaa kupandwa kati ya mistari ya matete.

(e) Weka akiba. Matete yanayozidi mwezi Mei na Juni yatengenezwe sileji. Yakatwe vipande vidogo, yanyauke kidogo, yachanganywe na molasi kama inapatikana, yashindiliwe sana ndani ya mfuko mzito wa plastiki au shimo lililotandikwa plastiki, kisha yafungwe hewa isiingie. Baada ya kama wiki sita yako tayari, na yasipofunguliwa hukaa miezi mingi. Siri yake yote ni kushindilia. Hewa ikibaki ndani utafungua na kukuta uozo.

(f) Chumvi ya madini na maji viwepo kila siku. Majani mengi hayana fosforasi ya kutosha, na upungufu huo huonekana mapema katika uzazi. Kuhusu maji, mtu asiseme kwamba majani yana maji basi ng'ombe hana kiu. Ng'ombe wa maziwa aweza kunywa lita 40 hadi 60 kwa siku, na kiangazi kikianza chakula kikawa kikavu kiu huongezeka. Maji yakipungua, maziwa hupungua siku hiyo hiyo.

Onyo moja: mahindi na pumba zilizolowa masika huota ukungu. Usiseme kilichomshinda mtu atakula ng'ombe. Sumukuvu iliyomo humwumiza ng'ombe na hupita ndani ya maziwa, ikawafikia watoto wako. Kuchemsha hakuiondoi.

2. MAGONJWA YANAYOTOKA NA MVUA

Kupe. Kupe wa masikio, yule wa rangi ya kahawia, huzidi wakati wa mvua, na ndiye anayeleta ndigana kali, ambayo kwa Kinyarwanda tunaiita ikibagarira. Dalili zake ni homa kali, tezi kuvimba chini ya sikio na mbele ya bega, machozi, kukohoa, na mwishoni povu puani. Dawa ipo, lakini huponya ikitolewa mapema. Siku mbili za kungoja mshahara zaweza kuwa za mwisho. Ng'ombe wa damu ya kigeni na chotara hufa upesi kuliko wa kienyeji.

Wengine hudhani ng'ombe wa bandani hapati kupe. Anawapata, kwa sababu kupe huja na majani yaliyokatwa kando ya njia wanakopita ng'ombe wengine. Basi nyunyiza dawa kama alivyoelekeza mganga wa mifugo, na kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Dawa iliyozimuliwa kupita kiasi haiui kupe, bali humfundisha kuvumilia dawa. Usisahau ndani ya masikio, chini ya mkia na kwenye kiwele. Kazi hiyo asipewe mtoto. Anayenyunyiza avae buti, afunike pua na mdomo, na asisimame upande upepo unakoelekea.

Minyoo. Majani yaliyolowa hubeba minyoo ya tumbo, na yale ya bondeni, kandokando ya mashamba ya mpunga na mifereji, hubeba minyoo ya ini, ambayo hukulia ndani ya konokono. Ng'ombe hukonda ingawa anakula, manyoya husimama, hupata uvimbe chini ya taya, na wengine huharisha. Majani ya kinamasi yakatwe juu ya usawa wa maji, na yaanikwe vizuri kabla ya kulishwa. Mwisho wa masika ni wakati mwafaka wa kutoa dawa. Lakini mweleze mganga kama ng'ombe ana mimba, kwani baadhi ya dawa, mfano albendazoli, hazifai mimba ikiwa changa.

Kiwele. Tope ndilo adui wa kiwele. Ugonjwa huu, ambao kwetu huitwa ifumbi, huingia kwa njia ya chuchu, hasa ng'ombe akilala chini mara baada ya kukamuliwa. Kila asubuhi kamua matone ya kwanza ndani ya kikombe cheusi na uyatazame. Ukiona mabonge au maji maji, ng'ombe huyo akamuliwe wa mwisho, na maziwa yake yasichanganywe na mengine. Osha kiwele kwa maji safi, kaushe kwa kitambaa cha ng'ombe huyo peke yake, na ukimaliza kukamua mpe chakula ili asimame kama nusu saa hadi chuchu zijifunge.

Kwato. Kwato zilizokaa miezi mitatu ndani ya tope na mkojo hulainika, hupasuka na kuoza. Ng'ombe anayechechemea hafiki hori mara nyingi, basi anakula kidogo. Tena hawezi kupanda wenzake wala kusimama apandwe, na hivyo dalili ya kutaka dume haionekani. Kwa hiyo Juni ndiyo mwezi wa kutengeneza banda: inua sakafu, ipe mteremko, chimba mfereji wa mkojo uende kwenye shimo la mbolea, na weka malalo makavu.

Kutupa mimba. Mimba ikitoka kabla ya wakati, usiseme ni bahati mbaya tu. Yaweza kuwa bruselosi, ambayo humpata na mtu kwa maziwa mabichi au kwa kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Yaweza pia kuwa Homa ya Bonde la Ufa, inayoenezwa na mbu ambao huongezeka sana baada ya mvua nyingi. Ugonjwa huo ulizuka kwa mifugo ya Rwanda mwaka 2018 na tena mwaka 2022, na huua binadamu pia. Usishike kitoto kilichotoka bila kinga ya mikono, usimpe mbwa, usichinje ng'ombe mgonjwa kwa siri. Mwite veterineri wa sekta siku hiyo hiyo. Na maziwa ya kunywa nyumbani yachemshwe daima.

Jambo la mwisho katika afya linahusu uaminifu. Kila dawa ina idadi ya siku ambazo maziwa hayafai kuuzwa wala kunywewa. Siku hizo huuma mfukoni, tunajua. Lakini anayenunua maziwa yako ni mfanyakazi mwenzako, naye anawapelekea wanawe.

3. UZAZI: HESABU YA SIKU 85

Mimba ya ng'ombe huchukua siku 280 hivi. Mwaka una siku 365. Ukitaka ndama kila mwaka, ng'ombe ana siku 85 tu tangu kuzaa hadi kushika mimba nyingine. Katika hizo, siku 60 za mwanzo ni za kupumzisha kizazi. Zinabaki siku 25. Kwa kuwa ng'ombe hurudia kutaka dume kila baada ya siku 21, nafasi uliyo nayo ni moja, au mbili ukibahatika.

Tuchukue mfano. Ng'ombe amezaa tarehe 15 Machi, masika yakianza. Ili azae tena tarehe 15 Machi ya mwaka unaofuata, lazima ashike mimba kabla ya tarehe 8 Juni. Lakini miezi hiyo mitatu ndiyo aliyokula maji, akasimama kwenye tope na kunyonywa na kupe. Mwili uliokonda huzima kwanza kazi ya uzazi, ili uokoe uhai. Ng'ombe hakatai kwa ukaidi, hana akiba. Akikosa mara tatu zimepita siku 63. Atashika tarehe 10 Agosti na kuzaa tarehe 17 Mei badala ya Machi. Kama mwishoni mwa kukamuliwa anatoa lita 3, na akizaa angetoa lita 10, tofauti ya lita 7 kwa siku 63 ni lita 441. Hiyo ndiyo bei ya masika yasiyoangaliwa.

Hapa kuna jambo kubwa kuliko lita. Tangu mwaka 2006 mpango wa Girinka umegawa ng'ombe kwa familia maskini, kwa sharti kwamba ndama jike wa kwanza apewe jirani anayengoja zamu. Kwa familia hizo, ng'ombe asiyeshika mimba ni hasara ya nyumba mbili: aliyenaye hana maziwa, na jirani anaendelea kungoja. Mwenye ng'ombe wa namna hiyo akimtunza vema baada ya masika, anatunza na haki ya mwenzake.

Basi tufanyeje?

Kwanza, tazama mwili. Simama nyuma ya ng'ombe. Kama mbavu zote zinahesabika kwa mbali na mifupa ya nyonga imechomoza, usikimbilie kupandisha. Rekebisha chakula, toa minyoo, mpe madini, na baada ya wiki kadhaa atazame tena.

Pili, tafuta dalili. Ng'ombe aliye na wenzake husimama akipandwa. Aliye peke yake bandani hana wa kumpanda, hivyo tazama dalili nyingine: kulia sana, kutotulia, kupunguza maziwa ghafla, uke kuvimba kidogo na kutoa ute angavu kama ute wa yai bichi, unaovutika. Hali hii haimalizi siku nzima, na mara nyingi huja usiku au alfajiri. Mfanyakazi wa zamu anaondoka alfajiri na kurudi jioni. Kwa hiyo kila mtu wa nyumbani afundishwe dalili hizi: mama, babu, watoto. Atazamwe mara tatu, alfajiri, mchana na kabla ya kulala, kila mara kwa dakika ishirini, si kwa kupita tu.

Tatu, shika wakati. Ukiona dalili asubuhi, apandishwe jioni ya siku hiyo. Ukiona jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Ni hivyo kwa mbegu ya mrija na kwa dume pia. Dume la kuazima linaloranda nyumba hadi nyumba laweza kueneza magonjwa ya uzazi. Usilikubali bila kujua afya yake.

Nne, andika. Daftari la shule latosha. Andika siku ya kuzaa, siku ya kutaka dume, siku ya kupandishwa na jina la dume. Ukiona damu kidogo mkiani, ujue alitaka dume siku mbili hivi zilizopita. Kama hakupandishwa, hesabu siku 18 tangu siku hiyo ya damu, uanze kumchunga sana. Kama alipandishwa, damu hiyo haimaanishi kwamba ameshika wala hakushika. Subiri siku ya 21. Na asiporudia, mganga ampime mimba baada ya miezi miwili au mitatu. Wapo wanaongoja miezi tisa ndipo wagundue hakuna kitu.

Tano, usimsahau mwenye mimba kubwa. Ng'ombe atakayezaa Septemba aachwe kukamuliwa Julai, miezi miwili kabla, na alishwe vizuri ingawa hatoi maziwa. Chakula cha siku hizo hurudi kwa maziwa ya mwanzo na kwa mimba inayofuata.

4. KALENDA YA BANDA

Mwishoni mwa Mei: dawa ya minyoo kwa ushauri wa mganga, kagua kwato na kiwele.
Juni: kata matete yaliyozidi, tengeneza sileji, inua sakafu ya banda, chimba mfereji.
Julai: anza kufungua sileji; kaliandra kila siku; wapimwe mimba waliopandishwa Aprili na Mei.
Agosti: ongeza maji; tengeneza paa kabla ya mvua za umuhindo; panga mashimo ya matete mapya na miche ya kaliandra.
Septemba: panda, rudia kunyunyiza kupe kwa utaratibu mvua zikianza.

5. YASIYOWEZEKANA KWA MMOJA

Bomba la kunyunyizia, mashine ya kukatia majani, pipa la molasi: mshahara wa mtu mmoja haubebi vyote hivi. Lakini watu watano wa kazini walio na ng'ombe watano wanaweza kununua bomba moja na kulizungusha. Wanaweza kumwita mganga siku moja awapitie wote, badala ya kila mmoja kulipa safari yake. Wanaweza kusaidiana kushindilia sileji Jumamosi kwa huyu, Jumamosi ijayo kwa yule. Tena aliye kazini mchana amwombe aliye zamu ya usiku amtazamie ng'ombe wake, naye amlipe kwa wema huo huo. Umoja tuliouzoea mahali pa kazi unafaa na bandani.

Ndugu wafanyakazi, mvua hatuwezi kuipunguza. Lakini kati ya mwisho wa Mei na mwanzo wa Septemba tuna siku mia moja hivi. Tuzitumie kumlisha ng'ombe chakula badala ya maji, kumtoa kwenye tope, na kuhesabu siku zake kama tunavyohesabu siku za mshahara.